Mtaala mpya umefika shuleni, mwalimu mkuu wa mwanao amejipangaje?

Maswali mengi yanayoletwa kwenye safu hii huwa ni ya homa, kikohozi, lishe na chanjo. Siku hizi limeingia na jingine: mtoto yuko darasa la pili au la tatu, shule haachi hata siku moja, sare ni safi, madaftari yapo, lakini kusoma hajui. Mzazi anauliza, je, apelekwe hospitali?

Wakati mwingine ndiyo. Mtoto asiyeona ubao vizuri, mwenye masikio yanayotoa usaha au mwenye upungufu wa damu anaweza kuitwa mzembe kwa miaka mitatu bila mtu kujua anaumwa. Hilo tutalirudia huko mbele.

Lakini wapo watoto wengi wanaopimwa kila kitu na kukutwa wazima. Hapo ndipo tunapaswa kuipima shule. Na kwa shule, pa kuanzia ni ofisi ya mwalimu mkuu.

Leo basi tuweke kando vidonge na dawa za maji, tuzungumzie ofisi hiyo. Kwa miaka hii ya mabadiliko ya mitaala, anayekaa kwenye kiti kile anagusa afya na akili ya mwanao kuliko tunavyodhani.

Nini kimebadilika

Kwa wazazi ambao bado hawajapata picha kamili, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Elimu ya lazima sasa ni miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari.

Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, kisha ikawa inapanda na watoto mwaka hadi mwaka.

Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo ndio darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani nalo linamaliza. Maana yake, Januari 2028 mlango wa kidato cha kwanza utapokea makundi mawili kwa mpigo.

Sasa piga hesabu ya umri. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita atafika kidato cha kwanza akiwa na miaka 12 hivi. Wasichana wengi katika umri huo ndio kwanza wanavunja ungo au wanakaribia. Mazungumzo ya balehe ambayo shule nyingi zilizoea kuyaacha hadi darasa la saba hayana tena darasa la saba la kuyasubiri.

Jambo la pili lililobadilika ni namna ya kufundisha. Mtaala unamtaka mtoto aonyeshe kuwa anaweza kufanya kitu, siyo kukariri majibu tu. Aseme, aulize, apime, achore, apande, aeleze mbele ya wenzake. Kwa mwalimu mwenye watoto 45, kiwango kinachotakiwa kwa darasa moja la shule ya msingi, hiyo ni kazi. Kwa mwalimu mwenye watoto 120 katika chumba kimoja, bila mpango wa shule nzima haiwezekani.

Mpango huo ni kazi ya mwalimu mkuu.

Mtaala hautembei wenyewe

Hii si mara ya kwanza nchi yetu kubadili mtaala wa watoto wadogo. Mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yaliondolewa mzigo wa masomo mengi, nguvu ikaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tulizozizoea.

Watafiti wawili, Isaac Mbiti na Daniel Rodriguez-Segura, waliyachunguza mabadiliko hayo. Walieleza kuwa muda wa Kiswahili na hisabati katika madarasa hayo ulipanda kutoka karibu asilimia 40 ya muda wote wa masomo hadi karibu asilimia 80, na watoto wakaonyesha kujua zaidi. Kilichobadilika zaidi hapo ni muda, na muda uleule uliokuwepo ulipangwa upya.

Lakini muda ulio kwenye ratiba ukutani na muda anaoupata mtoto ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu huduma za elimu nchini ulikuta kuwa walimu waliokosekana shuleni siku ya ziara ya kushtukiza walikuwa karibu mmoja kati ya saba. Waliokosekana darasani walikuwa karibu nusu. Wengi wao basi walikuwa shuleni, ila nje ya darasa: ofisini, chini ya mti wakisahihisha, kwenye kikao, au wakishughulikia mgeni.

Serikali haiwezi kukaa Dodoma ikajua kama mwalimu wa darasa la kwanza B ameingia saa mbili kamili. Anayeweza kujua ni mtu ambaye ofisi yake iko hatua 40 kutoka kwenye darasa hilo.

Na fedha je? Zinasaidia, ila peke yake hazitoshi. Katika jaribio la KiuFunza lililosimamiwa na Twaweza mwaka 2013 na 2014, likihusisha shule za msingi 350 katika wilaya 10, shule zilizopewa ruzuku tu hazikuonyesha watoto kujifunza zaidi. Zilizopata ruzuku pamoja na motisha kwa walimu iliyotegemea mtoto mmojammoja kufaulu ndizo zilizopanda. Fedha iliyoingia shuleni bila mtu wa kuuliza mtoto amejifunza nini ilipita tu.

Tusimtwishe mwalimu mkuu mzigo usio wake

Kabla sijakupa maswali ya kumuuliza, tuwe waungwana kwanza.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali haajiri walimu. Anapangiwa. Hachagui idadi ya watoto wanaoandikishwa Januari, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 foleni ya darasa la kwanza imekuwa ndefu katika maeneo mengi. Hajengi madarasa kwa mshahara wake.

Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa ni Sh10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na Sh6,000 ndizo huenda shuleni. Shule yenye watoto 800 inapata Sh4.8 milioni kwa mwaka, sawa na Sh400,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichoharibika, na bomba linalovuja.

Yeye mwenyewe analipwa posho ya madaraka ya Sh200,000 kwa mwezi, na wengi bado wana vipindi vya kufundisha. Wengi waliteuliwa kwa kuwa walikuwa walimu wazuri darasani. Kusimamia watu, fedha na majengo ni fani nyingine, ndiyo maana kuna Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, kule Bagamoyo. Si kila mwalimu mkuu amepata nafasi ya kuketi kwenye mafunzo hayo kabla ya kukabidhiwa funguo.

Kwa hiyo tusimuulize kwa nini darasa lina watoto wengi. Tumuulize yaliyo mkononi mwake. Mimi nayaona matano.

1. Nani anafundisha darasa la kwanza?

Shule nyingi zina desturi ya kumpa mwalimu hodari darasa la mtihani, na darasa la kwanza kumpa mwalimu mgeni, mwalimu anayekaribia kustaafu au anayetaka kupumzika. Sababu inaeleweka. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, mwalimu mkuu ndiye anayeitwa kujieleza. Hakuna anayemwita kwa sababu watoto 60 wa darasa la kwanza hawajui silabi.

Tumewahi kuona shinikizo la namna hiyo linafanya nini. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza mwaka 2013, shule zilipangwa kwa ufaulu na orodha kutangazwa. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walikuta kuwa shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Ila walikuta pia kwamba idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani katika shule hizo ilipungua. Ukipunguza watoto dhaifu, asilimia inapanda, na mtoto wa mtu amebaki nyumbani.

Mtaala mpya unaanzia chini. Mtoto asiyesoma vizuri darasa la pili hawezi kufuata Jiografia na Mazingira wala Sayansi darasa la tatu, na mwaka mmoja wa kufidia umeondolewa mbele yake. Mwalimu mkuu aliyeelewa hilo amemshusha mmoja wa walimu wake bora akamweka chini. Muulize ni nani, na kwa nini yeye.

Muulize pia walimu wake wanajifunza wapi. Upo utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambao unataka walimu wakutane shuleni kwao au katika kituo cha karibu, wajadili somo gumu na namna ya kulifundisha. Ukiongozwa vizuri hauhitaji nauli ya kwenda mkoani. Unahitaji mwalimu mkuu atakayetenga saa moja ya kweli, na yeye mwenyewe aketi humo kama mwanafunzi.

2. Kengele ya saa nne inalia saa ngapi?

Swali hili linachekesha, lakini ndilo linalofichua mengi. Kila kipindi kinachokatwa dakika 10 na wageni, usafi wa ziada, kuchota maji ya nyumba ya mwalimu au mazoezi ya mapokezi ya kiongozi, mwisho wa mwaka kinakuwa wiki kadhaa.

Wazee wetu wanaikumbuka Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967. Wazo lilikuwa mtoto ajifunze kwa mikono, shamba la shule liwe darasa. Zipo shule ambazo mwalimu alipanga shamba kama somo, watoto wakapima matuta, wakahesabu mbegu na kuandika mavuno. Na zipo ambazo shamba liligeuka kazi ya suluba, mtoto akirudi nyumbani na malengelenge bila kujifunza kitu. Sera ilikuwa moja. Tofauti ilitokana na aliyesimama mbele.

Mtaala wa sasa nao una kazi za mikono, sanaa na michezo. Mtoto akirudi ameambiwa alete ndoo, jembe au chupa tupu, usikasirike kwanza. Uliza ni kwa ajili ya somo gani, na alijifunza nini baada ya kutumia kifaa hicho. Ukipata jibu lenye kichwa na miguu, leta na majirani wachange. Usipolipata, una haki ya kuuliza zaidi.

3. Mtoto anakula nini, na saa ngapi?

Hapa narudi kwenye uwanja wangu.

Ukitaka kujua shule inaongozwaje, nenda siku ya kumezesha dawa za minyoo na kichocho. Dawa ya kichocho ikimezwa tumbo likiwa tupu inaweza kumletea mtoto kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Akishakula, usumbufu huo hupungua sana.

Mwalimu mkuu aliyejipanga amewaita wazazi wiki moja kabla, amewaeleza dawa ni ya nini, na asubuhi hiyo uji upo kwenye sufuria. Kwa asiyejipanga, taarifa inafika siku ileile, watoto wamekuja na njaa, wawili wanatapika, uvumi unafika mtaani kabla ya saa sita na wazazi wanakuja mbio kuwatoa watoto. Dawa zilikuwa zilezile kutoka wizara ileile.

Chakula cha kila siku ni hivyohivyo. Ruzuku ya serikali haitoshi kulisha watoto wa kutwa, na mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni unawategemea wazazi na jamii kushiriki. Shule moja inakubaliana na wazazi debe la mahindi na maharage wakati wa mavuno, inapika makande. Jirani yake, kata ileile, mvua ileile, watoto wanashinda na kipande cha muwa kutoka asubuhi hadi saa nane mchana.

Ubongo wa mtoto mwenye njaa hauko tayari kwa umahiri wowote. Atasinzia, atagombana, atasahau alichofundishwa saa moja iliyopita. Katika shule za mijini zenye mikondo miwili hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mtoto wa mchana anaweza kuondoka nyumbani kabla jiko halijawashwa.

Muulize mwalimu mkuu kuna mpango gani wa uji au chakula, unasimamiwa na nani, na mtoto ambaye mzazi wake hakuweza kuchangia anafanyiwaje. Jibu la swali hilo la mwisho lisikilize kwa makini. Mtoto kukaa pembeni akiwatazama wenzake wanakula ni adhabu, hata kama haikuandikwa popote.

4. Vyoo vikoje, na fimbo inashikwa na nani?

Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Omba kuviona. Mwalimu mkuu mwenye nia njema hatakuzuia, na kama havitoshi atakwambia mwenyewe kabla hujafika mlangoni.

Angalia mambo matatu: maji, mlango unaofungwa kwa ndani, na pa kutupa au kuchomea taulo za kike. Halafu uliza msichana akipata hedhi akiwa darasani anamwendea nani. Shule iliyojipanga ina mwalimu wa kike anayejulikana kwa watoto wote, na kabati lenye taulo chache na sketi ya akiba. Gharama yake ni ndogo kuliko siku nne za masomo anazopoteza mtoto kila mwezi kwa kujificha nyumbani. Kwa kuwa sasa wanamaliza darasa la sita, maandalizi haya yanapaswa kuanza wakiwa darasa la nne, na wavulana wahusishwe wasije wakawacheka dada zao.

Kuhusu fimbo, kanuni zetu ziko wazi kuliko wazazi wengi wanavyojua. Viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani akimchapa kila anayekosea jibu yuko nje ya kanuni hizo, na anayepaswa kumzuia ni mwalimu mkuu.

Tusidhani hilo ni suala la nidhamu tu. Mtaala unamtaka mtoto anyooshe mkono, ajaribu, akosee, ajaribu tena. Mtoto anayeogopa kuchapwa hatanyoosha mkono. Atajifunza kunyamaza, na kwenye kunyamaza hodari wataonekana wengi.

5. Mtoto anayebaki nyuma anagunduliwaje?

Usikubali jibu la "tunatoa mitihani." Mtihani wa mwisho wa muhula unakwambia nani ameanguka baada ya kuanguka.

Shule inayoongozwa vizuri ina utaratibu mdogo wa kila wiki au kila mwezi. Mwalimu anamsikiliza kila mtoto akisoma mistari michache, anaandika nani ameshindwa silabi na nani ameshindwa sentensi, mwalimu wa taaluma anapitia, na mwalimu mkuu anauliza majina. Majina, siyo asilimia. Kisha wale walioshindwa wanakaa kwenye kikundi chao, wanarudia walipokwama.

Na hapohapo afya inaingia. Mtoto aliyeshindwa mara tatu mfululizo apelekwe kupimwa kabla ya kuitwa mzito. Yapo manne ya kuangalia:

Macho. Anasogeza daftari karibu na uso, anakunja macho akitazama ubao, anakosea kunakili ingawa ukimsomea anajibu vizuri. Wakati wa kusubiri kliniki, mwalimu anaweza kumhamishia benchi la mbele leoleo.

Masikio. Yanatoa usaha unaorudi, anaongea kwa sauti kubwa, anageuza kichwa upande mmoja. Usaha unaodumu huharibu usikivu na unatibika.

Damu. Viganja na sehemu ya ndani ya kope ni vyeupe, anachoka haraka, hataki kucheza. Minyoo ya safura na malaria za mara kwa mara ni miongoni mwa sababu, na kipimo chake kinafanyika kituo cha afya.

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Mtoto mwenye selimundu anakosa shule mara kwa mara, anahitaji maji mengi, na kwa hiyo anahitaji ruhusa ya kwenda haja bila kuulizwa mbele ya darasa. Kumsimamisha juani au kumchapa kwa utoro kunaweza kumpeleka wodini. Mzazi, mwambie mwalimu mkuu kwa maandishi, usimwachie mtoto ajieleze.

Namna ya kwenda kuuliza

Usiende peke yako ukiwa na hasira, saa mbili asubuhi, wakati foleni ya watoto inaingia madarasani. Utapata majibu ya kukuondoa tu.

Nendeni wazazi watatu au wanne, baada ya kuomba nafasi. Anzeni na salamu ya heshima, na kama mwalimu mkuu ni kijana mdogo kuliko ninyi, bado ni mwalimu wa watoto wenu. Mwambieni kwanza jambo moja zuri mliloliona shuleni kwake, kwa sababu lipo na yeye halisikii mara nyingi. Kisha ulizeni swali moja au mawili kati ya haya, siyo yote matano kwa siku moja.

Kama hali hairidhishi, kuna kamati ya shule, na katika shule nyingi kuna UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu. Vyombo hivyo vinakufa kwa sababu vikao vyake vinahudhuriwa na watu tisa, sita kati yao wakiwa wamefuata posho ya soda. Mkiwa 60 kwenye kikao, mwalimu mkuu mzuri anapata nguvu ya kwenda kudai halmashauri kile kinachokosekana, na mwalimu mkuu mvivu anaanza kutembelea madarasa.

Kisha kuna upande wetu. Mwalimu mkuu hawezi kumlaza mwanao saa mbili usiku wala kuzima televisheni sebuleni. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kulala saa tisa hadi 11 kwa siku, apate kitu tumboni kabla ya kutoka, na mtu mmoja nyumbani wa kumwambia "nisomee hapa." Hata kama mtu huyo hajui kusoma, atajua kama mtoto anasoma au anabahatisha.

Fanya hivyo leo usiku. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa analosoma sasa, fungua ukurasa wa katikati ambao hajaukariri, mwambie akusomee mistari mitano. Akisoma bila kukwama, mshukuru mwalimu wake ukimwona. Akikwama, mpeleke akapimwe macho na masikio wiki hii, na wiki ijayo uombe nafasi kwa mwalimu mkuu. Mwanao ana miaka sita tu pale, na ule wa saba tuliokuwa tukiutegemea kumfidia haupo tena.